Pumba za Mahari

Philomène alikimbia vita na gunia la mtama. Wenzake wa Kitshanga walitoka na magodoro, sufuria, mbuzi wa kukokota kwa kamba, na mmoja alitoka na mlango wa nyumba yake kichwani. Yeye alijifunga mgongoni mtama mwekundu wa shamba lake, kamba ikimkata paji la uso, akamshika mkono binti yake Bénita, wakashika barabara ya Sake kuteremka Goma. Walitembea na njaa huku chakula kiko mgongoni, na watu waliwacheka. Mama mmoja alimwuliza, "Weye, unabeba chakula na unalia njaa?" Philomène alikaza kamba, akaendelea. Mtama ule haukuwa wa kuliwa hovyo.

Tuelewane mapema, maana bila hili hamtaona uchungu ulipo. Kwa ukoo wa Philomène, siku upande wa bwana arusi wanapokuja kuomba binti, hawalishwi ugali wa kununua. Wanalishwa mtama ambao mama wa binti ameulima mwenyewe, ili waionje ile mikono iliyomlea mtoto. Na kuna desturi ya pili inayokwenda pamoja na hiyo: kabla ya siku hiyo, mama wa binti hajionyeshi kwa wakwe. Akikutana nao njiani anapita kama mtu baki, kwa sababu kujitambulisha mapema ni sawa na kumtembeza binti sokoni. Zishikeni vizuri desturi hizi mbili, ndizo zilizomponza.

Bénita alikuwa amepata mchumba. Hilaire, kijana wa Kinande kutoka Butembo, muuza vipuri vya pikipiki, alimwona kwenye bomba la maji la kambi ya wakimbizi walikofikia, na tangu siku hiyo akawa na kiu isiyoisha. Kijana mpole, mwenye adabu zake. Shida ilikuwa kwao. Ndugu zake walikuwa wameguna: mtoto wa kambi, mtoto wa turubai, utamwoa pamoja na chawa wake? Baba yake, muzee Carlos, mfanyabiashara wa safari ndefu, alikubali waje Jumapili moja, lakini alisema wazi kwamba wanakuja kuangalia kwanza. Wasipopendezwa, hakuna safari ya pili. Na Philomène hakuwa na ombi lingine duniani ila Bénita atoke chini ya turubai lile, juu ya mawe yale ya volkano yanayochoma mgongo hata kupitia mkeka, aingie katika nyumba yenye mlango.

Sasa, huyo Hilaire alikuwa na shangazi, dada wa muzee Carlos, jina lake Kaswera. Ndiye angeongoza ujumbe, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo, Carlos akijua au asijue. Kaswera alikuwa na mashini ya kusaga huko mtaa wa Mapendo. Bénita alipomwambia mama yake habari hizo, Philomène alifurahi sana. Alisema, "Kama ni kulipa musagaji, nitamulipa mutu atakuwa ndugu. Nitaenda kule kwake, nitanyamaza, siku ya siku atakula bunga ya mashini yake mwenyewe na atacheka." Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yake. Mtu mwema akipanga jambo jema, shetani naye anavaa viatu.

Asubuhi moja alitoka kambini na gunia, akaacha kifundo kimoja tu. Hicho kilikuwa cha mbegu, punje zilizochaguliwa moja moja, zikachanganywa na majivu ili wadudu wasiziguse, zikafungwa katika kipande cha kitenge. Vita vikiisha, zingerudi katika shamba lilelile. Majirani zake walitunza funguo za nyumba zilizokwisha kuchomwa, naye alitunza mbegu.

Mashini ya Kaswera ilikuwa katika nyumba ya mbao, na ukutani wameandika kwa rangi ya buluu KARIBUNI WOTE. Mwenyewe alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, kitenge kipya kimesimama kama ubao. Hewa ya pale ilinuka samaki, lakini Goma ni mji wa samaki, Philomène hakulitia maanani. Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake wa mtaa na mabeseni yao ya muhogo walikuwa mbele, na wanawake wa kambi walijibanza pembeni, maana mtu wa kambi hujifunza upesi kusimama pembeni.

"Batu ya kambi, mbele," Kaswera alisema. Macho hayakutoka kwenye simu.

Philomène alidhani hakusikia vizuri. Tangu alipofika mji huu aliambiwa rudi nyuma, ngoja, toka hapa, si leo. Mbele alikuwa hajaambiwa. Moyo wake ulijaa. Alisema moyoni, kumbe ndio watu anaokwenda kuishi nao mtoto wangu, watu wanaomwonea huruma aliyetoka vitani. Akapita mbele, akalipa, akainama kidogo mbele ya kile kiti.

"Mungu akubariki sana, mama," alisema.

Mwanamke mmoja kwenye foleni alijiziba mdomo na kitenge. Mwendesha mashini alimtazama mwenzake, wakageuka. Philomène aliona, akafikiri wanacheka ndara zake, moja nyekundu na moja ya kijani. Akawasamehe.

Haya, niwaambie kilichokuwa kinachekwa, na nikikisema damu inanichemka hadi leo. Kaswera alikuwa na biashara ya pili, chakula cha kuku. Kabla wateja hawajafika alisaga vichwa vya samaki wakavu, vile vinavyoletwa kwa magunia kutoka Vitshumbi. Vichwa vikishasagwa, mashini hubaki na mabaki yao kwenye nyundo za kupondea na kwenye chujio. Kila msagaji anajua dawa yake: unapitisha pumba, pumba zinabeba uchafu wote, unamwaga, ndipo unaanza kusaga vya watu. Lakini pumba nazo Kaswera aliziuza kwa wafuga nguruwe. Aone hasara ya nini, na watu wa kambi wapo? Aliwaita mbele. Nafaka yao ndiyo iliyoosha mashini, kisha wanawake wa mtaa wakapata unga mweupe, safi, wa kupika mbele ya wageni. Na wale waliooshea mashini walilipa kama wengine, na wengine wao walishukuru. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kaswera alimnyonga mnyonge, na haki yake akaitia mfukoni.

Nyumbani, chini ya turubai, Bénita alifungua gunia ili achekeche. Akainua uso.

"Mama, ulisaga pamoja na nini?"

Unga haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijivujivu, na ndani yake vilimeta vipande vidogo kama magamba. Philomène alitia kidole, akaonja, akatema. Hakulia. Alikaa juu ya jiwe, mikono juu ya magoti, akaliangalia gunia alilolibeba kutoka Kitshanga, ambalo walikuwa wamelala njaa kando yake mara nyingi bila kulifungua.

Jirani yake Wivine, mkaaji wa zamani pale kambini, alichungulia akavuta pua mara moja tu.

"Walikuita mbele?" aliuliza. "Ndiyo ile. Ile tunaiita kuosha mashini. Weye haukujua?"

"Na munarudi kule?"

"Tuende wapi, dada? Mashini ya Mushagalusa iko mbali, na njia ni mawe matupu. Tunapika na pilipili mingi, harufu inapungua."

Philomène alijifunga kitenge, akabeba beseni la ule unga, akarudi Mapendo siku hiyohiyo. Njiani alijionya: sema kwa upole, usijitaje, usilete ugomvi, yule ni mkwe.

Alipofika, mwanamke mmoja wa mtaa alikuwa analalamika kwamba unga wake umetoka na chenga. Ee bwana, mngemwona Kaswera. Alisimama, akampisha kiti chake mwenyewe. "Pole sana, mama Bienvenu, pole, hawa wanaume hawaangalie kazi." Akamgombeza mwendesha mashini, unga ukarudishwa, ukasagwa upya bure, mama Bienvenu akasindikizwa hadi barabarani kwa kicheko. Philomène alipoona hayo alipata tumaini. Alisema moyoni, kumbe anajua kurekebisha kosa.

Akasogea, akafunua beseni. "Mama, samahani. Bunga yangu ya asubuhi imetoka na samaki. Ninaomba tuangalie pamoja."

Kaswera alikuwa amekwisha kurudi kwenye simu. "Bunga iko bunga."

"Inanuka, mama. Haiwezi kupikiwa mugeni."

"Mugeni gani, kule kambini?" Foleni ikacheka. "Munapewa ya bure kila mwezi, leo munakuja kuchagua?"

"Hii haikuwa ya bure. Ilikuwa ya shamba yangu."

"Weye uko na shamba?" Kaswera aliuliza, na hata hapo hakuinua macho. "Shamba yako iko wapi? Tuonyeshe. Toka mulangoni, unafunikia wateja mwangaza."

Neno lilikuwa ulimini. Lilikuwa fupi tu: mimi ni mama ya Bénita. Angelisema, angepishwa kiti. Lakini angekuwa amevunja desturi, na angekuwa amemwanika binti yake mbele ya foleni ya watu wanaocheka. Philomène alilimeza. Alilimeza kama mtu anayemeza mwiba wa samaki, na likakwama palepale. Akafunika beseni, akajitwika, akaondoka.

Jumapili ilikuwa inakaribia. Mtama wa Kitshanga haukuwapo sokoni Goma, na hata ungekuwapo, ungekuwa wa kununua. Kulikuwa na kifundo.

Bénita alipoona mama yake anakifungua kwenye mti wa turubai alimshika mkono. "Hapana, mama. Tuwapikie muhogo. Hilaire hatasema kitu."

"Hilaire hatasema. Mimi nitajua," Philomène alisema.

Safari hii alikwenda kwa Mushagalusa, mbali, juu ya mawe. Mushagalusa alikuwa mtu wa Bukavu, mnene, mwenye vumbi la unga hadi kwenye kope. Mashini yake ilikuwa ndogo na kibanda chake hakikuandikwa kitu. Alipomwona anapanda, alisimama, akaja kumtua.

"Karibu, mama. Pole na njia, hii njia inaua viatu. Jina lako ni nani?"

Philomène alishtuka. Tangu vita vilipomtoa kwao, jina lake lilikuwa limeulizwa na watu wa mashirika peke yao, ili waliandike mahali. "Unataka jina ju ya nini?"

"Ili nikuite bunga ikitoka. Ama nikuite weye-pale?"

"Philomène."

"Kaa hapa, mama Philomène, kuna kivuli." Akafungua kifundo. Alisugua punje kidoleni, akaona majivu. "Mama, hii ni mbegu."

"Ni mbegu."

"Musagaji mwingine atakusagia na kunyamaza, na pesa utalipa. Lakini mbegu nikiisaga hairudi. Unajua haja yako, mimi siijui. Nisage?"

Hapo ndipo Philomène alipolia, mchana kweupe, mbele ya mwanamume asiyemjua. Mashini chafu haikuwa imemliza, wala kicheko cha foleni. Alimliza mtu aliyemwuliza kabla ya kuharibu. Alipomaliza, akafuta uso na kusema, "Saga."

Mushagalusa hakuuliza zaidi. Alichota kiganja kimoja cha mbegu, akakifunga tena katika pembe ya kitenge, akamrudishia. "Hii ibaki. Mashini yangu haitakufa njaa." Kisha akazima, akafungua chujio, akalipigapiga kwenye jiwe, akapitisha pumba zake mwenyewe mara moja, na mara nyingine. Unga wa kwanza ulipotoka alimletea kwenye kiganja. "Nusa, mama. Ukikubali ndiyo naendelea."

Ulinuka shamba. Philomène aliitikia kwa kichwa.

Jumapili ilifika. Wageni walipokelewa nyumbani kwa Cyprien, kaka wa Philomène, ambaye alipanga nyumba ya mbao mjini, vyumba viwili vilivyokwisha kujaa jamaa wengine waliokimbia. Uani walitandika mikeka, wakaazima viti kanisani. Jikoni palitengwa kwa turubai, na Bénita alikuwa nyuma yake, maana binti hatoki mpaka aitwe. Kulikuwa na masufuria mawili ya ugali. Moja la mbegu, la wageni. La pili lilikuwa la unga wa samaki, la kuliwa na wenyeji baadaye kwa pilipili. Msishangae. Kambini unga hautupwi, hata ukiwa umekudharau.

"Na ile habari ya mashini," Philomène aliwaambia kaka yake na binti yake, "imekufa. Mimi nimemeza, na nyinyi mumeze. Leo ni ya Bénita."

Cyprien alikubali upesi, alikuwa mtu wa kutetemeka. Bénita alirudi kwenye masufuria yake.

Wakaja: muzee Carlos na kofia yake, Hilaire katikati ya wajomba, na mbele yao wote Kaswera. Philomène aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Kaswera alimpa vidole na kuangalia juu ya bega lake, akiangalia bati, mbao, mikeka. Hakumkumbuka. Inakuwaje mtu akuambie toka mulangoni, kisha asikujue siku unayomkaribisha mlangoni kwako? Mama mzima, kwa umri wote ule, alikuwa amemfukuza mtu bila kumtazama usoni hata mara moja.

Alipokaa, alitoa leso akafuta kiti. Alipoletewa maji alinyanyua kikombe kwenye mwanga. "Ni maji ya kambi ama ya hapa?" aliuliza. Hilaire aliinamisha kichwa. Muzee Carlos akakohoa. Cyprien akajibu kwamba ni ya hapa, ya kuchemshwa, mara tatu akarudia ya kuchemshwa.

Ukafika wakati wa chakula. Bénita alipakua nyuma ya turubai, sahani zote zimefunikwa, na Philomène akazibeba moja moja kwa magoti yaliyokunjwa, kama ilivyo heshima. Ya mwisho aliiweka mbele ya Kaswera. Kaswera alifunua.

Harufu ilifika kwa Philomène kabla hajasimama wima. Aligeuka kuangalia lile turubai la jikoni. Halikutikisika.

Kaswera aliusogeza uso, akamega kidogo, akasugua kati ya vidole, akanusa. Kazi yake aliijua, huo ukweli tumpe. Aliirudisha sahani katikati ya mkeka.

"Nani amesaga hii?" alisema. "Hii imepita mashini ya samaki, na haikuoshwa. Huyu musagaji hana haya hata kidogo. Mutu anakuletea chakula yake, unamuchafulia, na unapokea makuta yake, pesa yake? Mungemurudishia ku uso. Musagaji kama huyu afunge mulango, aende akasage mavi."

"Dada," muzee Carlos alisema.

"Hapana, niseme, ni kazi yangu. Mulisagia wapi, mama?"

Alimwuliza Philomène. Cyprien alikuwa ameacha kutafuna, macho yake yanamwomba dada yake aseme lolote, aseme sokoni, aseme sijui. Hilaire alikuwa anatazama. Philomène aliona mlango wa nyumba ya Bénita, mlango wa kweli wenye bawaba, ukiwa wazi nusu. Uongo mmoja mdogo ungeufungua wote. Alikuwa ameahidi kumeza. Lakini aliulizwa, na aliulizwa na huyu, na ule mwiba ulikuwa palepale kooni.

"Kwako, mama," alisema.

"Kwangu wapi?"

"Mapendo. Ulituita mbele, sisi batu ya kambi, na mimi nilikuombea baraka ya Mungu. Nikarudi na beseni, ukasema bunga iko bunga. Ukaniuliza shamba yangu iko wapi. Ukasema ninafunikia wateja mwangaza."

Kaswera alimtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Macho yalishuka hadi miguuni, kwenye zile ndara, moja nyekundu na moja ya kijani, yakarudi juu polepole. Wajomba wa Hilaire walipata kazi ya kuangalia mikeka. Muzee Carlos alivuta ile sahani, akamega, akatia mdomoni, akatafuna hadi mwisho, akavua kofia.

"Kama ningelijua ni weye mama ya Bénita," Kaswera alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "naapa, ningeliosha mashini. Ningelikupatia kiti yangu."

Philomène alikuwa mpole, kila mtu wa Kitshanga atawaambia. Lakini neno hilo ndilo lililomwasha.

"Ninajua ungenipatia," alisema. "Na hapo ndipo unanichoma. Mama ya Bénita haukumukosea, haukumujua. Ulimukosea mutu aliyekuja na mutama yake kichwani na makuta yake mukononi. Huyo mutu alistahili mashini safi hata kama hana binti, hata kama binti yake haolewi na mutu. Jirani yangu Wivine hana binti wa kuwaozesha. Yeye atakula vichwa vya samaki mpaka lini? Na mutama yangu niliibeba toka Kitshanga na njaa. Bugali hii wengine wanakula hapa, nzuri hii, nimesaga mbegu yangu ili muikule. Mbegu ya kurudia nyumbani. Mumeila."

Hakuna aliyeinua mkono kwenye sahani. Hilaire alikuwa na tonge mkononi, hakujua alipeleke wapi.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Watu husema methali hiyo kila siku, lakini ni wachache wanaokaa nayo uso kwa uso juu ya mkeka, mbele ya ukoo wao wote.

Muzee Carlos ndiye aliyesema. "Mama, nimeuza vitu maisha yangu yote, Butembo, Beni, mpaka Kisangani. Tulikuja hapa kuangalia nyumba yenu. Sasa ni sisi tunaangaliwa. Mukisema tutoke, tutatoka, na sitalaumu mutu." Akageuza kofia mikononi. "Mukisema tukae, tuambieni mali yenu, mahari ya binti."

Wote walimtazama Philomène, hata Cyprien, ambaye kwa desturi ndiye msemaji. Alitazama tena turubai la jikoni.

"Hilaire ni mutoto muzuri," alisema. "Kaeni. Mule. Mbegu ikishapikwa haitupwi."

Wakala, na Kaswera akaletewa sahani nyingine, safi. Nasikia alikula yote na hakunywa maji. Kisha Cyprien akapata sauti, akataja ng'ombe na vitenge na jembe la mjomba, wakavutana kidogo kwa adabu, wakapatana. Ilipoonekana yamekwisha, Philomène aliomba neno.

"Mimi mama, kuna kitu kimoja sijaomba. Gunia ya pumba."

"Ya nini?" Carlos aliuliza. "Muko na nguruwe?"

"Isikuje kwangu. Ikae kule Mapendo, karibu na mashini, mahali kila mutu anaiona. Wakisaga samaki, pumba ipite kwanza, batu wafuate. Ikiisha, muongeze. Hiyo ndiyo mali yangu. Bila hiyo, chukueni ng'ombe wenu."

Muzee Carlos alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa mahali pake. Akamgeukia dada yake. Kaswera alikunja leso yake mara nyingi mno, akasema, "Nitaweka."

Wageni walipoondoka, Philomène aliingia nyuma ya turubai. Bénita alikuwa anaosha mwiko.

"Ni weye uliweka ile sahani."

"Ni mimi."

"Na wangelitoka? Hilaire angelienda nao?"

"Wangelitoka," Bénita alisema. Aliendelea kuosha mwiko uliokwisha kutakata. "Nilikuwa nimesikia ile habari ya maji ya kambi. Nikasema, sawa, tuolewe hivyo. Halafu nikafunua sufuria ya mbegu ili nimupakulie yeye, na mukono ukakataa."

Mama yake alichukua mwiko ule mkononi mwake, akautundika. Hakumgombeza, wala siku ile wala baadaye.

Bénita ameolewa, nyumba yake ina mlango. Gunia la pumba lilifika Mapendo kabla ya ng'ombe, na lipo, mkipita mtaliona. Wivine anasema unga unatoka safi siku hizi, tena kuna benchi, tena Kaswera anawauliza watu wa kambi majina, ingawa anayasahau. Wanawake wengi wa kambi wanasaga pale kwa amani.

Philomène hasagi pale. Kila anapopata nafaka hujitwika beseni, na njia yake inapita mbele ya ile nyumba ya KARIBUNI WOTE. Kaswera akimwona husimama kitini.

"Mukwe, karibu. Mashini imeoshwa. Kiti ni hiki."

"Asante sana, mukwe. Nilisikia. Wasalimie nyumbani."

Anainamisha kichwa kwa heshima yote ya ukwe, beseni likiwa juu yake halitikisiki, na anaendelea kupanda na ile njia ya mawe inayoua viatu. Kule juu Mushagalusa huwa amekwisha kumwona, na anaita jina lake.